Gurudumu Lazunguka, Ukurasa Hausogei

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima hazikubaliki na Windows 11, kwa kuwa hazina chipu ya usalama au prosesa ya kizazi kinachotakiwa. Wenye nazo wengi wanazihamishia Linux, majumbani, shuleni na kwenye maduka ya kuchapa na kutoa nakala. Kuhama kwenyewe siku hizi ni kwepesi. Skrini huwaka, sauti hutoka, intaneti hupatikana bila mtu kutafuta kiendeshi cha chochote. Yanayobaki kusumbua ni mambo ya pembeni: gurudumu la kipanya linazunguka lakini ukurasa umetulia tuli, diski inaingizwa kwenye draivu, inavuma kidogo, kisha hakuna folda inayofunguka.

Likitokea hilo, wengi hukimbilia kusakinisha mfumo wote upya, au hunakili amri yoyote waliyopewa na mtu na kuomba Mungu ifanye kazi. Njia zote mbili hupoteza muda, na ya pili huweza kuharibu kilichokuwa kizima. Ninachotaka kukuonyesha ni kwamba hakuna haja ya kubahatisha. Linux haifichi yanayotokea ndani yake. Kila hatua kati ya kifaa na skrini inaweza kuulizwa, nayo hujibu kwa maandishi. Gurudumu la kipanya na draivu ya diski ni vifaa vizuri vya kujifunzia namna hiyo ya kuuliza, kwa sababu vyote viwili viliingia kwenye mfumo ambao haukuwa umeandaliwa kuvipokea.

Vituo vinne

Ishara ya kifaa hupita vituo vinne kabla hujaona matokeo. Cha kwanza ni kifaa chenyewe, pamoja na waya wake na tundu lake. Cha pili ni kerneli, yaani kiini cha mfumo, ile sehemu ambayo Linus Torvalds alianza kuiandika akiwa mwanafunzi Helsinki mwaka 1991 na ambayo ndiyo hasa yenye jina la Linux. Kerneli hukitambua kifaa na kukipatia kiendeshi. Cha tatu ni faili ya kifaa. Linux huwakilisha vifaa kwa faili zilizo ndani ya folda ya /dev, na kila faili ina mwenyewe, ina kundi, na ina ruhusa zinazosema nani asome na nani aandike. Cha nne ni programu unayoitumia: mfumo wa madirisha, kivinjari au kicheza filamu.

Ni kama mbio za kupokezana vijiti. Mkimbiaji wa nne akibaki mikono mitupu, hatujui bado ni nani aliyedondosha kijiti. Lakini ukimuuliza kila mmoja kwa zamu, utafika mahali ambapo mmoja anasema amekabidhi na anayefuata anasema hajapokea. Kasoro iko hapo, na marekebisho hayana haja ya kugusa mahali pengine popote.

Gurudumu lililohesabiwa kuwa kitufe

Kipanya kilitangulia gurudumu kwa miaka mingi. Mfumo wa madirisha wa X, ambao Linux iliurithi kutoka ulimwengu wa Unix, ulianzia chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 1984, na toleo lake la 11 lilitoka mwaka 1987. Mwaka huohuo IBM ilileta kompyuta za PS/2 zenye tundu dogo la duara kwa ajili ya kipanya, lile ambalo baadaye lilipakwa rangi ya kijani. Kipanya cha tundu hilo kilituma habari zake katika pakiti za baiti tatu: moja ya hali ya vitufe, moja ya mwendo wa kulia na kushoto, moja ya mwendo wa mbele na nyuma. Nafasi ya habari nyingine haikuwepo.

Microsoft ilipotoa kipanya chake cha IntelliMouse chenye gurudumu mwaka 1996, ilibidi ipatikane njia ya kuongeza habari bila kuzichanganya kompyuta za zamani. Njia iliyopatikana ni ya werevu sana. Kipanya kikipata umeme hujiendesha kama cha kawaida, cha baiti tatu. Kompyuta inayojua habari za gurudumu hukiamuru kibadili kasi ya kutuma taarifa mara tatu mfululizo: 200 kwa sekunde, kisha 100, kisha 80. Mfuatano huo hauna kazi nyingine; ni alama ya siri kati ya pande mbili. Baada yake kompyuta hukiuliza kipanya namba yake ya utambulisho. Cha kawaida hujibu 0. Chenye gurudumu hujibu 3, na kuanzia hapo hutuma baiti nne, ya nne ikibeba mwendo wa gurudumu.

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya magurudumu mengi kulala kwenye Linux za mwishoni mwa miaka ya 1990. Faili ya mipangilio ya X ikisema kuwa itifaki ya kipanya ni "PS/2", ile alama ya siri haikutolewa, na kipanya kiliendelea kutuma baiti tatu hata kama kidole kilizungusha mchana kutwa. Dawa yake ilikuwa mistari miwili:

Option "Protocol" "IMPS/2"
Option "ZAxisMapping" "4 5"

Mstari wa kwanza uliagiza alama ya siri itolewe. Wa pili ulishughulikia upungufu wa X yenyewe, ambayo ilijua mwendo na vitufe tu. Kuzungusha kwenda juu kukahesabiwa kuwa kubonyeza kitufe cha nne, na kuzungusha kwenda chini kuwa kubonyeza cha tano. Desturi hiyo bado ipo. Ukifungua programu ya xev kwenye X na kuzungusha gurudumu, utaona vitufe vya 4 na 5 vikibonyezwa, ingawa kipanya chako hakina vitufe vitano.

Kerneli 2.6, iliyotoka Desemba 2003, iliondoa sehemu kubwa ya kazi hiyo mikononi mwa mtumiaji. Kerneli yenyewe ikawa inazungumza na kipanya, inatoa alama ya siri, kisha inavipelekea vituo vya juu habari iliyokwisha kutafsiriwa. Leo maktaba iitwayo libinput ndiyo inayozipokea habari hizo kwa ajili ya mifumo mingi ya madirisha, iwe X au Wayland. Tangu kerneli 5.0 ya mwaka 2019, vipanya vinavyoweza hupimwa kwa vipande vidogo zaidi, mruko mmoja wa gurudumu ukigawanywa sehemu 120, na ukurasa huteleza badala ya kurukaruka.

Kulihoji gurudumu

Kwa kipanya cha USB, anza na amri ya lsusb, inayoorodhesha kila kilichochomekwa. Kipanya kisipoonekana, badilisha tundu, kisha jaribu kipanya kingine. Hapo tatizo liko kituo cha kwanza. Kikionekana, fungua orodha ya vifaa ambavyo kerneli imevipokea:

cat /proc/bus/input/devices

Jina la kipanya likiwemo, kerneli imekipatia kiendeshi. Sasa sikiliza kinachosemwa na kipanya chenyewe. Kwenye Debian na Ubuntu sakinisha kifurushi cha libinput-tools, kisha andika:

sudo libinput debug-events

Sogeza kipanya, bonyeza vitufe, zungusha gurudumu. Kila tendo hutoa mstari wake. Ukiona maneno POINTER_SCROLL_WHEEL kila unapozungusha, vituo vyote vya chini ni vizima na kerneli haihitaji kuguswa. Nenda moja kwa moja kwenye programu.

Ukiona mwendo na vitufe lakini gurudumu halitoi mstari wowote, angalia aina ya kipanya. Cha USB kikifanya hivyo, mara nyingi ni uchakavu au uchafu ndani ya gurudumu. Ndivyo ilivyo pia kwa gurudumu linaloshusha ukurasa kisha ghafla linaupandisha: kihesabio chake kimeingia vumbi au kimelika. Kifungue ukisafishe, au ununue kingine. Hakuna amri itakayotibu plastiki iliyochakaa.

Cha PS/2 kina hali nyingine. Katika ofisi na maabara za shule ambako kipanya kimoja hutumikia kompyuta mbili kupitia swichi ya KVM, kuhamia kompyuta ya pili na kurudi huweza kukirudisha kipanya kwenye baiti tatu huku kerneli bado inasubiri nne. Kishale kitaanza kuruka ovyo, na amri ya dmesg itaonyesha ujumbe wa psmouse wenye maneno "lost synchronization", maana yake hesabu ya baiti za pande mbili haioani tena. Kipakie upya kiendeshi ukikitajia itifaki:

sudo modprobe -r psmouse
sudo modprobe psmouse proto=imps

Kama kiendeshi kimejengwa ndani ya kerneli na hakiondoki, maneno psmouse.proto=imps huongezwa kwenye mstari wa kuwashia kerneli. Na kumbuka kwamba tundu la PS/2 halikutengenezwa kwa kuchomeka na kuchomoa wakati kompyuta inawaka. Zima kwanza.

Yanayobaki ni ya kituo cha nne. Ukurasa unaokwenda kinyume cha ulivyozoea hurekebishwa kwenye mipangilio ya kipanya, penye chaguo la kugeuza mwelekeo. Kasi ya gurudumu ina mpangilio wake katika mazingira ya KDE. Ndani ya Firefox, ingia about:config na upandishe thamani ya mousewheel.default.delta_multiplier_y kutoka 100. Na ukibonyeza gurudumu lenyewe ukaona maandishi yanabandikwa bila kuombwa, hapo hakuna kilichoharibika. Tangu zama za X, kitufe cha kati hubandika maneno yaliyowekewa alama mara ya mwisho, na Linux imeishika tabia hiyo.

Diski huingizwa, kisha hupachikwa

Kwenye Windows, draivu ya diski ina herufi yake, na herufi hiyo ipo hata draivu ikiwa tupu. Linux haina herufi. Ina mti mmoja wa folda unaoanzia alama ya mkwaju, na yaliyomo kwenye diski hayaonekani mpaka yapachikwe kwenye folda mojawapo ya mti huo. Mazingira ya kisasa hupachika yenyewe mara diski inapoingia. Yasipofanya hivyo, mtu hudhani draivu imekufa, kumbe kilichokosekana ni hatua hiyo moja.

Nayo draivu ilipitia mapito yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Sony, Mitsumi na Panasonic kila moja ilikuwa na namna yake ya kuiunganisha draivu na kompyuta, na Linux ilibidi iwe na kiendeshi cha kila moja. Baadaye draivu zikafuata kiwango kimoja cha ATAPI, zikaonekana kwa majina kama /dev/hdc. Zilipokuja draivu za kuchoma diski, programu ya cdrecord ilijua kuzungumza na vifaa vya SCSI pekee. Kwa hiyo draivu ya kawaida ililazimishwa kujitambulisha kama ya SCSI, kwa kuongeza maneno hdc=ide-scsi kwenye mstari wa kuwashia. Kerneli 2.6 iliondoa ulazima huo. Leo draivu ya ndani na ya USB zote huitwa /dev/sr0, na ya pili ikiwepo huwa /dev/sr1.

Anza kuhoji kwa lsblk. Mstari wenye sr0 na neno rom ukiwepo, kerneli inaiona draivu. Usipokuwepo, kagua kebo ya umeme na ya data, kisha angalia kama draivu haijazimwa kwenye mipangilio ya BIOS. Kwa draivu ya nje ya USB, chunguza umeme kabla ya yote. Tundu la USB 2.0 huahidi miliampea 500 tu, na draivu nyembamba huweza kuhitaji zaidi ya hapo diski inapoanza kuzunguka. Ndiyo maana baadhi huuzwa na waya wenye vichwa viwili. Chomeka vyote, tena moja kwa moja kwenye kompyuta.

Kujua uwezo wa draivu yako, soma faili hii:

cat /proc/sys/dev/cdrom/info

Itakuambia kama inasoma DVD na kama inachoma CD, jambo ambalo huwaepusha watu kuhangaika na DVD kwenye draivu iliyotengenezwa kwa CD pekee.

Kituo cha tatu ni ruhusa. Andika ls -l /dev/sr0, na kwa kawaida utaona faili hiyo ni ya kundi la cdrom. Kama jina lako halimo kwenye kundi hilo, huenda programu za kuchoma na za kucheza muziki zikakataliwa. Jiongeze:

sudo usermod -aG cdrom jina_lako

Usisahau herufi a katika -aG, kwa sababu bila hiyo utatolewa kwenye makundi yako mengine ya ziada, likiwemo linalokuruhusu kutumia sudo. Toka kwenye akaunti yako, uingie tena, ndipo ruhusa mpya zianze kazi.

Sasa pachika kwa mkono:

sudo mkdir -p /mnt/diski
sudo mount -o ro /dev/sr0 /mnt/diski

Ikikubali, mafaili yapo ndani ya /mnt/diski. Ikikataa, soma jibu neno kwa neno, kwa sababu kila jibu lina sababu zake. "No medium found" ni kwamba draivu haioni diski: imewekwa kichwa chini, ni tupu, ni ya aina isiyosomeka humo, au lenzi haioni vizuri. "I/O error" pamoja na namba ya sekta kwenye dmesg ni mkwaruzo au vumbi. Safisha diski kwa kitambaa laini, ukipangusa kutoka katikati kwenda ukingoni, usipanguse kwa kuzungusha. "Wrong fs type" huonyesha kuwa diski inasomeka lakini hakuna mfumo wa faili unaotambulika. CD ya muziki ni ya namna hii. Haina mafaili hata moja, ina nyimbo zilizoandikwa kama mfululizo wa sauti tu, kwa hiyo haipachikwi kabisa. Ifungue kwa kicheza muziki, mathalani kwa amri ya vlc cdda://.

Diski iliyopachikwa huweza kugoma kutoka ukibonyeza kitufe cha draivu, kwa kuwa kerneli hufunga mlango ili mafaili yanayosomwa yasikatishwe. Ibandue kwa sudo umount /mnt/diski, kisha andika eject. Ukiambiwa "target is busy", amri ya sudo fuser -vm /mnt/diski itakutajia programu inayoishikilia. Mara nyingi mshikaji ni dirisha lako la amri, umesimama ndani ya folda hiyohiyo. Andika cd peke yake, utoke, ujaribu tena.

Filamu za DVD na eneo la draivu

DVD nyingi za filamu zimefungwa kwa msimbo, na Linux nyingi haziji na kifunguo chake kwa sababu za kisheria katika baadhi ya nchi. Kwenye Debian na Ubuntu, kifurushi cha libdvd-pkg hushusha na kujenga maktaba ya libdvdcss. Baada ya kukisakinisha, malizia kwa sudo dpkg-reconfigure libdvd-pkg.

Kipo kizuizi kingine kinachowagusa sana wasomaji wa Afrika Mashariki. Dunia iligawanywa maeneo ya DVD, na sisi tuko eneo la 5, ilhali nchi nyingi za Ulaya na nchi za Ghuba ziko eneo la 2 na Marekani eneo la 1. Kompyuta nyingi za mitumba hutufikia kutoka Ulaya, na draivu zake huwa zimewekwa eneo la 2. Draivu za tangu mwaka 2000 hushikilia eneo hilo ndani yake zenyewe, nazo huruhusu libadilishwe mara tano tu. Programu ya regionset hukuonyesha eneo lililopo na mara zilizobaki. Iangalie kabla ya kubadili chochote.

Okoa yaliyomo mapema

Kuna anayeweza kuuliza kwa nini tuhangaike na diski wakati flashi zimejaa madukani. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya kumbukumbu zetu za miaka ya 2000 iko humo: video za harusi, kwaya, mahafali, picha za wazee waliokwisha kututoka, mafaili ya shule na taasisi. Diski za kuchoma huhifadhi data kwenye tabaka la rangi, na rangi hiyo huharibiwa na jua, joto na unyevunyevu, vitu ambavyo pwani yetu haijavipungukiwa. Diski inayosomeka mwaka huu huenda isisomeke miaka michache ijayo.

Kwa diski inayosumbua, sakinisha kifurushi cha gddrescue, kisha andika:

ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map
ddrescue -d -r3 -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Amri ya kwanza huvuna haraka kila kinachosomeka na kuziandika sekta zilizokataa kwenye faili ya ramani. Ya pili huzirudia sekta hizo pekee, hadi mara tatu zaidi. Zikibaki sehemu zilizokataa, hamishia diski kwenye draivu nyingine na urudie amri ya pili kwa mafaili yaleyale; lenzi moja huweza kusoma kilichoishinda nyingine, na kazi itaendelea pale ilipoishia. Faili ya .iso utakayoipata hupachikwa kama diski yenyewe, na unaweza kuitunza nakala mbili mahali pawili.

Ukishayafanya haya, fanya jambo moja zaidi wakati kila kitu bado ni kizima. Endesha lsusb, lsblk na dmesg, kisha hifadhi majibu yake kwenye faili moja yenye tarehe. Siku gurudumu litakapolala au draivu itakapopotea, rudia amri hizo na ulinganishe. Mstari uliokosekana utakuonyesha kituo cha kuanzia, na ukihitaji msaada wa fundi, mpelekee orodha zote mbili. Fundi anayeanza na ushahidi huo hana sababu ya kukutoza pesa za kusakinisha mfumo mzima upya.